Shahada ya Raihana na Majora ya Haji Hamadi

Chuo alichosomea Raihana kilikuwa ghala la kahawa, na hilo si tusi, ni kweli tupu. Bei ya kahawa ilipoanguka, mwenye ghala pale Gikondo, Kigali, alibaki na kuta, bati na panya. Akatokea bwana mmoja aitwaye Léonce, mwenye suti ya kijivu na ulimi wa asali, akalipangisha, akaligawa kwa mbao nyembamba likawa madarasa manne, akapaka lango rangi ya buluu na kuandika juu yake kwamba hapa hutolewa shahada ya huduma za jamii. Somo la afya ya mama na mtoto lilisikika mpaka kwenye darasa la sheria za familia, na nyundo za gereji ya jirani zilisikika kwenye yote mawili. Mvua ikipiga bati, mwalimu alikaa chini akasubiri iishe. Wanafunzi walirudi makwao na vumbi la maganda ya kahawa puani, na wazazi wao wakasema hiyo ndiyo harufu ya elimu.

Raihana alikuwa binti wa pekee wa Mzee Shabani Habimana, fundi cherehani wa Biryogo. Mama yake alifariki yeye angali ananyonya, na baba hakuoa tena. Waliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili na baraza, iliyojengwa na babu aliyekuja na mzigo wa chumvi kutoka Ujiji, akaoa hapahapa, akasahau njia ya kurudi. Nyumbani walizungumza Kiswahili, na Kinyarwanda kikaingia na kutoka bila kubisha hodi. Siku zile watoto wa Biryogo waliomaliza sekondari walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na binti aliyemaliza alitazamwa mtaani kama mtu aliyetoka Hija. Raihana alimaliza. Majirani wakaanza kumwita daktari, ingawa hakuna aliyejua daktari wa nini.

Bwana Léonce hakuwa mtu wa kukaa ofisini akingoja wateja. Alipita Biryogo baraza kwa baraza kama muuza mafuta ya taa, na alipofika kwa Mzee Shabani alikaa kwenye kibao cha wateja, akajipepea kwa kofia.

"Muzee, huduma za jamii ndiyo kazi ya kesho," alisema. "Mashirika ya wazungu iko nakuja mingi. Mutoto akitoka kwangu, mwaka moja analipa deni, mwaka ya pili anakujengea etaji, nyumba ya gorofa."

Raihana alikuwa mlangoni amesimama. Akauliza swali ambalo kila mtu angepaswa kuliuliza. "Mwenye shahada hii analipwa kiasi gani kwa mwezi?"

Bwana Léonce akacheka, akamtazama baba mtu kana kwamba mtoto amesema jambo la utotoni. "Binti, hii si kazi ya mshahara. Hii ni wito."

Mtu anayekuuzia wito kwa pesa taslimu, mkimbie. Lakini Mzee Shabani hakukimbia. Alifurahi mpaka akampunguzia bwana yule suruali bure, papo hapo, mwenyewe akiwa ameivua nyuma ya pazia.

Ada ilikuwa ya miaka miwili, na Mzee Shabani hakuwa nayo hata ya miezi miwili. Alikwenda benki ya ushirika. Karani alikuwa kijana wa adabu, akamweleza kila kitu bila kuficha: mkopo huu, muda huu, na riba yake kwa mwaka ni kumi na nne kwa mia. Mzee Shabani alisimama kabla kijana hajamaliza. Akasema audhubillahi, akavaa kofia yake akatoka, na njia nzima ya kurudi alisugua viganja kwenye kanzu kana kwamba ameshika kitu kichafu. Katika maisha yake alikuwa hajala riba wala hajalisha, na hakutaka kuanza kwa sababu ya shule.

Ndipo akaelekezwa kwa Haji Hamadi.

Haji Hamadi alikuwa na duka la vitambaa, kubwa kuliko yote mtaani. Alikuwa mnene, mwenye ndevu zilizotiwa hina, na hakuna msiba Biryogo ambao hakuutolea sanda. Alimsikiliza Mzee Shabani mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma. "Umefanya vizuri kuikimbia benki, ndugu yangu. Riba ni moto. Mimi sikopeshi pesa hata siku moja. Mimi nauza vitambaa."

Basi akamuuzia majora ya vitenge kwa mkopo wa miaka miwili, kwa bei ambayo hata mke wa waziri asingelipa. Mzee Shabani akasema nimenunua. Kisha mpwa wa Haji, aliyekuwa ameegemea kaunta akijichokonoa meno, akamuuliza kama angependa kuyauza yale majora sasa hivi, kwa taslimu, na akataja bei ya chini, karibu nusu. Mzee Shabani akasema nimeuza. Pesa ikahesabiwa juu ya kaunta. Majora hayakushuka hata kwenye rafu. Na huyu mzee, fundi wa miaka thelathini, kabla ya kuyauza alinyoosha mkono akayapapasa, akalalamika kwamba kile cha rangi ya manjano kimefumwa kilegevu. Hata pale, moyoni mwake, alikuwa mtu aliyenunua kitambaa.

Raihana alikuwepo. Njiani alipiga hesabu kichwani, akaona tofauti ya bei zile mbili imeizidi riba ya benki zaidi ya mara tatu.

"Baba, hii ni kubwa kuliko ya benki."

"Ile ni riba, mwanangu. Hii ni biashara, na biashara ni halali."

Raihana akaongeza mwendo. Hakuona aibu wakati ule. Alitaka kusoma, na mwenye kutaka kitu husikia anachotaka. Kukopa arusi, kulipa matanga, na wao walikuwa bado wako arusini.

Alianza chuo mwaka tisini. Mwezi wa kumi vita vikaanza kaskazini, wa kumi na moja faranga ikashushwa thamani, na Bwana Léonce akapandisha ada siku ileile, kana kwamba alikuwa ameliandika tangazo lake mapema na kungoja tu tarehe. Mzee Shabani akarudi kwa Haji, akanunua majora yaleyale mara ya pili, akayauza mara ya pili. Safari hii Haji alitaka dhamana, na dhamana ikawa nyumba. Mashahidi wakaitwa, wakanywa chai ya tangawizi, wakaondoka.

Sitaki kusema Raihana hakujifunza kitu. Alijifunza kumpima mtoto mwenye utapiamlo, kumsikiliza mjane bila kumkata kauli, kutenganisha njaa na ugonjwa. Mwalimu mmoja au wawili walikuwa watu wa kweli. Lakini kila alipokaa kwenye benchi lake alijua analipia benchi, mbao, bati, suti ya kijivu ya Bwana Léonce, na faida ya majora ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuyavaa. Siku ya kuhitimu baba yake alilia waziwazi, akaitundika picha ya binti yake barazani juu ya cherehani, na wateja wakaanza kupimwa viuno mbele ya picha ile.

Kisha ikaja kazi ya kutafuta kazi. Mashirika yalikuja kweli, kwa maana vita vilikuwa vinamwaga watu barabarani na wazungu walifuata watu. Lakini kila shirika lilitaka uzoefu, na kila meneja alikuwa na shemeji. Raihana alipanga foleni kwenye ofisi za mji mzima kwa miezi, viatu vikaisha soli, na mwisho akapata nafasi kwenye kituo cha lishe ya watoto, katika kambi ya waliokimbia vita, nje ya mji upande wa kaskazini. Mradi ulikuwa wa kanisa fulani, mkuu wake mzungu mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti, wala kupandisha kitu kingine.

Mshahara wa kwanza aliumwaga mezani mbele ya baba yake. Wakatoa nauli, wakatoa unga na maharage, wakatoa mafuta ya taa na sabuni. Kilichobaki Mzee Shabani alikiweka kwenye kiganja akakitazama.

"Hii ni ya wiki ngapi?" aliuliza.

"Ya mwezi, baba."

"Na wengine wote wenye shahada wanapata hivi?"

"Wengine wanapata chini ya hapa."

Raihana alilipigia hesabu deni lile kwa kila njia aliyoijua. Hata kama asingekula nyama, asingenunua kiatu, asingeugua wala kuolewa, lingemkuta na mvi. Mwenzake wa darasa la nane, Nyirahabimana, aliyekatiza masomo akaenda kukaanga sambusa pale njia panda ya Sonatubes, alikuwa ameshaezeka nyumba. Walipokutana, Nyirahabimana alimfungia sambusa sita kwenye gazeti, akakataa kulipwa. "Chukua, dada. Nyie wa ofisini mna mambo mengi." Raihana alizila zote kwenye basi, kwa hasira, zikiwa tamu ajabu.

Mwaka tisini na tatu, Ramadhani ilipokuwa inakaribia, vita vikapamba moto tena, na kambi ikavimba. Watu walishuka vilimani na mikeka na mbuzi, na wengine bila mikeka wala mbuzi. Kila asubuhi Raihana alitundika mizani kwenye boriti, akawatia watoto mmoja mmoja kwenye kaptula ya turubai yenye mikanda, wakaning'inia, wakalia. Aliyepungua alipewa maziwa. Aliyefikia uzito alitolewa, nafasi yake akapewa mwingine. Ndiyo maana siku moja alimwona mama akimpiga mwanawe kofi kwa sababu mtoto ameongezeka. Raihana alikuwa amefunga, na mikono yake ilinuka maziwa kutwa nzima, na hakuna mchana alioweza kumwambia mtu njaa yake mwenyewe bila kuona haya.

Haji Hamadi alikuja kufuturu kwao katika kumi la kwanza. Alileta tende, akasifu uji, akauliza hali ya mguu wa Mzee Shabani. Alikula kwa vidole vyote vitano, akivilamba kimoja kimoja, na mafuta ya sambusa yakamwingia kwenye ndevu za hina. Baada ya kushiba akamgeukia Raihana.

"Mwanangu, wewe sasa ni mtu mkubwa. Nasikia unashika ufunguo wa stoo."

"Nashika siku mbili kwa wiki, Haji."

"Alhamdulillahi. Basi deni la baba yako si zito kama unavyolifikiria." Akapunguza sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine zaidi ya Mzee Shabani aliyekuwa akimimina chai. "Maziwa ya unga. Mifuko michache tu kila wiki. Mwaka mmoja, na nyumba yenu inakuwa huru."

"Unataka niibe?"

"Audhubillahi! Mimi nimuagize Muislamu kuiba ndani ya Ramadhani?" Alishtuka kweli, akashika kifua. "Nasikia watoto wengine wanapona, wanatoka. Jina likae kidogo daftarini. Wengine wanakufa, Mungu awarehemu. Nalo jina likae kidogo. Mtu akifa jina lake halina njaa, mwanangu. Nani anadhulumiwa hapo?"

Akachukua tende nyingine, akaipuliza kana kwamba ina vumbi, akaitia mdomoni.

Raihana alilisukuma bakuli lake kando. Si kwamba hakuwahi kusikia wizi. Kigali nzima ilikuwa inaiba, kila mtu kwa kimo chake. Kilichomtia kinyaa ni zile rehema, yule Mungu aliyetajwa kati ya mtoto aliyekufa na mfuko wake wa maziwa. Aliinuka akaenda uani, akatapika kwenye majivu, akasukutua, akarudi. Haji na baba yake walikuwa wamekwishatoka pamoja kwenda kuswali tarawehe.

Kesho yake alimfuata Épiphanie, msimamizi wake pale kituoni. Épiphanie alikuwa Mkristo wa Gisozi, mama wa watoto wawili, naye alihitimu ghalani mwaka mmoja kabla yake. Raihana alimweleza yote, akitegemea atashika kichwa. Épiphanie hakushika kichwa. Aliendelea kukoroga maziwa kwenye sufuria.

"Yewe, Raihana. Ndiyo leo anakuambia weye? Mimi aliniambia mwezi ya kwanza."

"Na wewe unadaiwa na Haji?"

"Sisi wote iko nadaiwa na Haji. Nani alinipeleka kwake? Léonce mwenyewe. Kila mwanafunzi anapeleka, anapata kitu kidogo." Akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Ulifikiri Haji ni mujinga? Anakopesha watu ya huduma za jamii sababu gani? Ya mshahara? Mshahara gani?"

Raihana alikaa kwenye gunia. Hapo ndipo alipoielewa shahada yake. Miaka mitatu alikuwa akijiuliza ni mfanyabiashara gani mwenye akili anayeweka mali yake kwenye kazi isiyolipa, akafikiri labda ni sadaka, labda ni upumbavu. Kumbe mtu yule alikuwa amepiga hesabu kuliko chuo kizima. Alijua mshahara hautatosha, na alitaka usitoshe. Alikuwa akinunua mikono ya kushika funguo, mapema na kwa bei rahisi, wakati wenye mikono bado wanajifunza kunyonyesha watoto wa mdoli.

"Na wale watoto waliokufa?" aliuliza. "Majina yao?"

"Wanakunywa," alisema Épiphanie, na kwa mara ya kwanza sauti ikamkatika. "Wanakunywa kuliko wazima. Weye unajifanya malaika, mimi niko na watoto. Mimi si mwizi, niko narudisha deni. Acha kuniangalia hivyo."

Lakini Raihana alishindwa kuacha kumwangalia hivyo. Alikwenda kwa mkuu wa mradi, akasema. Mzungu mpole alisikiliza, akasikitika kwa dhati, akamwomba aandike ripoti kwa Kifaransa. Raihana akaandika. Ripoti ikawekwa juu ya ripoti nyingine, na juu yake ikawekwa kikombe cha kahawa.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, Mzee Shabani alikuwa barazani akikata kitambaa cha sare za shule. Raihana alikuwa amekaa karibu naye akishona vifungo. Watu walipita wakisalimia. Siku hizo salamu zilikuwa zimefupika. Watu walikuwa wameanza kuulizana asili kabla ya kuulizana hali, na redio za madukani zilisema mambo ambayo zamani hata mlevi asingeyasema.

"Raihana," alisema baba yake bila kuinua macho. "Yale maziwa. Si ni ya wazungu?"

Sindano ikasimama mkononi mwake. "Ni ya watoto, baba."

"Najua. Nauliza tu. Wameyaleta mengi, nasikia yanajaa lori."

"Baba, benki uliikimbia."

"Ile ilikuwa riba."

"Na hii?"

Mzee Shabani alikata mpaka mwisho wa mstari wa chaki, akaweka mkasi chini. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa saumu. "Hii sijui inaitwaje," alisema. "Mimi nina nyumba hii tu, mwanangu. Baba yangu alifia chumba kile."

Kama angemfokea, Raihana angejua la kufanya. Lakini alimwomba, kwa sauti ileile aliyomwombea dua ya mtihani. Raihana alimwonea kinyaa baba yake, na hilo lilimtisha kuliko kupoteza nyumba. Jioni ile alilibeba bakuli lake la uji akafuturu ndani peke yake, amegeukia ukuta. Mzee Shabani alifuturu barazani. Katika miaka yote ya maisha yao hawakuwahi kufuturu mbalimbali.

Jumatatu alimrudishia Épiphanie ufunguo. Hakusema maneno mengi. Alisema atapima watoto, atakoroga maziwa, atafagia, lakini stoo haingii. Tangu siku hiyo akaondolewa posho ndogo ya mshika stoo, na wenzake wakaacha kumwachia nafasi kwenye benchi la chakula, nafasi ambayo wala hakuihitaji mpaka Idi.

Ikaja Idi, ikapita. Wiki iliyofuata Haji Hamadi akaja, na mashahidi wanne wa mtaa, na mkeka mpya, na chupa ya chai aliyoileta mwenyewe ili asiwasumbue. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Wakaketi barazani, chini ya picha ya kuhitimu. Haji akaeleza kwa unyenyekevu kwamba muda umepita, kwamba hakuna riba hata chembe, ni bei ya vitambaa tu, na kwamba anaona uchungu.

Desturi ya Biryogo ni kwamba nyumba haihami mikononi mpaka mwenye kuitoa aseme mbele ya watu kuwa ameridhia, kisha fatiha isomwe, watu waitikie amina. Bila hivyo mali inachukulika, lakini inachukulika kama anavyochukua mwizi, na kila mtu anajua.

"Basi, Mzee Shabani," alisema Haji, akinyanyua viganja. "Sema tu umeridhia, tusome, tumalize kindugu."

Raihana alikuwa amesimama mlangoni na fundo la nguo. Hakumtazama baba yake. Tangu ile Ijumaa hakuwa amemtazama usoni.

Mzee Shabani alikuwa akizungusha utepe wa kupimia kwenye vidole vyake. "Nyumba chukua," alisema. "Niliahidi mbele ya hawa, na ahadi ni deni. Lakini sijaridhia."

"Hilo ni neno tu, ndugu yangu."

"Kama ni neno tu, ondoka bila hilo."

Haji akatabasamu, akawatazama mashahidi ili watabasamu naye. Hawakutabasamu.

"Nimemwomba binti yangu aibe maziwa ya watoto ili wewe ushibe," alisema Mzee Shabani. "Mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa nimefunga. Mpaka leo nikilala naona haya. Wewe unalalaje, Haji?"

Shahidi mmoja akaanza kutafuta viatu vyake, kisha wa pili, na mara wote wanne walikuwa wameinama kwenye kizingiti wakigombania makubazi, wakiaga kwa haraka, chai yao imeachwa inafuka. Haji Hamadi akabaki peke yake kwenye mkeka mpya. Mtu mwingine angeinuka. Yeye alinyanyua mikono, akaisoma fatiha mwenyewe mbiombio, akajiitikia amina, akajipangusa uso. Kisha akanyoosha kiganja kuomba ufunguo.

Raihana akampa. Alimpa kwa ncha za vidole, asije akamgusa. Haji akafunga mlango, akajaribu kitasa mara mbili kuhakikisha, akasema alhamdulillahi.

Baba na binti walishuka kwenda Gikondo, ambako vyumba vilikuwa rahisi. Mzee Shabani alibeba kichwa cha cherehani begani, Raihana akakokota meza yake ya chuma na fundo la nguo juu yake. Picha waliisahau ukutani, na hakuna aliyetaka kuirudia. Walipopumzika kando ya barabara Raihana alimtazama baba yake kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alikuwa mzee, amechoka, na jasho linamtiririka shingoni. Hakumwonea kinyaa tena.

"Huo mshahara wako," aliuliza Mzee Shabani, "unatosha chumba?"

"Chumba unatosha, baba. Chakula ndiyo hautoshi."

Mzee Shabani akafikiri. Kuna zile siku sita ambazo Muislamu hufunga kwa hiari baada ya Idi, na mwezi wake ulikuwa haujaisha.

"Basi tutafunga sita," alisema, akahamishia cherehani bega la pili.

Raihana alipiga hesabu, kwa mazoea tu, akaona sita hazitatosha.